Sheria za duara si nane, ni moja

Meza yangu ya sebuleni ilichelewa siku mbili kwa kosa la nyuzi moja. Ubao wake, mvule wa duara wenye kipenyo cha sentimita 60, niliununua ukiwa umeshakatwa, nikaupeleka kwa fundi seremala wa mtaani kwetu hapa Morogoro aufunge mguu. Ni meza ya mguu mmoja, kwa hiyo mguu sharti ukae katikati barabara, la sivyo ukitua chupa ya chai pembeni meza inalala. Aliyeukata ule ubao hakuacha alama ya kitovu.

Fundi hakuhangaika. Alichukua skwea yake kubwa ya chuma, akailaza juu ya ubao hadi kona yake ikagusa ukingo, akatia alama ya penseli pale mkono mmoja wa skwea ulipokata ukingo wa mbele, akatia nyingine pale mkono wa pili ulipoukata, kisha akaunganisha alama hizo mbili kwa mstari. "Huu unapita katikati, Mwalimu," akaniambia. Akazunguka ubao, akaiweka kona mahali pengine, akapiga mstari wa pili. Inapokutana hiyo miwili, akasema, ndipo penye kitovu.

Nimefundisha hisabati sekondari miaka 31 kabla sijastaafu. Nilisimama pale na kikapu changu cha mboga nikitabasamu peke yangu, maana lile ni somo la kidato cha tatu kabisa: kona ya pembe ikiwa kwenye ukingo wa duara na pembe yenyewe ikiwa pembe mraba, mstari unaounganisha pale mikono yake inapokata duara ni kipenyo. Nimeliandika ubaoni mara zisizohesabika. Kulionyesha kwa skwea, sikumbuki hata siku moja.

Kwa uhakika zaidi fundi akapiga mstari wa tatu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Haukupita pale ilipokutana miwili ya kwanza. Mistari yote mitatu ikafunga kipembetatu kidogo katikati ya ubao, punje ya hindi ingeenea ndani yake. Akafuta, akarudia. Kipembetatu kikarudi. Akanigeukia na uso wa daktari mwenye habari mbaya: ubao umekatwa vibaya, si duara kamili, niurudishe nilikoununua.

Tukaupima kwa futi kamba, huku na huku na huku. Sentimita 60 kila upande. Nikamwambia, "Fundi, hebu tuipime na skwea yako." Aliniangalia kama niliyemtukania ukoo. Lakini ni mtu mwungwana, akaipima kama mafundi wote wanavyojua: kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka akapiga mstari kufuata mkono wa skwea, akaigeuza, akapiga mwingine kutoka nukta ileile. Skwea ikiwa nzima, mistari hiyo hulaliana. Yetu, ilipofika sentimita 40, ilikuwa imeachana karibu sentimita moja na nusu. Hizo ni nyuzi 2, na kwa kuwa kosa limejionyesha mara mbili, kulia na kushoto, skwea ilikuwa imepungukiwa nyuzi 1. Ilikuwa inasoma 89. Hapo fundi akakumbuka kwamba mwezi uliopita iliwahi kumdondoka kwenye bodaboda.

Sasa sikilizeni utamu. Pembe ya ukingoni ikiwa nyuzi 89, ya kitovuni ni mara mbili yake, yaani 178. Ili mstari upite kwenye kitovu tunahitaji 180. Tumekosa mbili, na kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 30 kosa hilo linausogeza mstari nusu sentimita tu pembeni mwa kitovu. Ila skwea ile ilikosea kwa kiasi kilekile kila mara. Kila mstari uliachana na kitovu kwa nusu sentimita ileile. Na kwa kuwa fundi alizipanga zile kona tatu kuuzunguka ubao wote, kitovu kilikuwa kimefungwa ndani ya kile kipembetatu, kikiwa na umbali sawa kutoka kila mstari. Nikamwambia achome msumari katikati ya kipembetatu na afunge mguu hapo.

Hakuniamini. Kesho yake akanunua skwea nyingine, na keshokutwa asubuhi akanipigia simu: "Mwalimu, imekuja palepale."

Sisimulii kisa cha fundi ili nimcheke. Anapata riziki kwa sheria ile, na kwa miaka mingi haijamwangusha. Lakini siku sheria ilipogoma hakuwa na pa kuishikia, akaulaumu mti. Nami nimewaona wanafunzi wangu wakiulaumu mti kwa miaka 31, kwa sababu tuliwapa sheria vilevile alivyopewa fundi, ila wao tuliwapa kwa wingi na kwa namba.

Fungua daftari la mtoto wako wa sekondari kwenye mada ya duara. Utakuta orodha. Sheria ya kwanza: pembe ya kitovuni ni mara mbili ya pembe ya ukingoni. Ya pili: pembe za ukingoni zinazotazama tao moja ni sawa. Ya tatu: pembe katika nusu duara ni nyuzi 90. Ya nne: pembenne ikiwa na kona zote nne kwenye duara, pembe zinazokabiliana jumla yake ni 180. Inaendelea mpaka nane, pengine tisa, kulingana na mwalimu. Wapo wanaozitungia wimbo. Mimi mwenyewe nimewahi kuuimbisha, na darasa lilipendeza sana siku ile. Wiki mbili baadaye nikawapa swali, nikasikia mnong'ono kutoka dawati la nyuma: "Hii ni sheria namba ngapi?"

Si namba yoyote. Hiyo orodha ni mama mmoja na watoto wake, na mama mwenyewe si mgumu kumjua. Chukua karatasi, msomaji, hata pembeni mwa gazeti hili patatosha. Chora duara na utie nukta O kwenye kitovu. Ukingoni, upande wa chini, tia A na B. Juu kabisa tia P. Kutoka P piga mistari kwenda A na B, hiyo ndiyo pembe ya ukingoni. Kutoka O nako piga mistari kwenda A na B, hiyo ndiyo ya kitovuni. Sasa ongeza mstari mmoja: toka P, pita O, tokea ng'ambo. Umepata pembetatu mbili, OPA na OPB. Zitazame pande zake. OP ni nusu kipenyo, OA ni nusu kipenyo, OB ni nusu kipenyo, zote zinalingana. Pembetatu yenye pande mbili sawa ina pembe mbili sawa, na pembe ya nje ya pembetatu ni jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. Kwa hiyo pale O, upande wa A, pembe ya nje ni mara mbili ya kipande cha pembe kilichoko P. Upande wa B vivyo hivyo. Jumlisha vipande. Kama kitovu kimeangukia nje ya mikono ya P, utatoa badala ya kujumlisha. Kazi imekwisha.

Watoto wanafuata wenyewe. Ukiisogeza P kidogo kulia, pembe ya kitovuni haijaguswa, basi na nusu yake haibadiliki: hiyo ndiyo sheria ya pili. A na B wakiwa ncha za kipenyo, pembe ya kitovuni ni 180, nusu yake ni 90: ndiyo ya tatu, na ndiyo skwea ya fundi. Mistari inayogusa duara kwa nje ina mambo yake mengine kidogo, hilo nakubali. Lakini kwa habari ya pembe ndani ya duara, mtoto anayejua kuuchora ule mstari mmoja kutoka P kupita O hana haja ya wimbo.

Euclid aliyajua haya huko Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 KK. Katika kitabu cha tatu cha Elements hoja ya 20 ni ya mama, ya 21 ni ya pembe za tao moja, ya 22 ni ya pembenne, na kila moja inaegemea iliyotangulia. Ile ya nusu duara ipo kwenye hoja ya 31, ingawa ni kongwe kuliko Euclid. Wa kale walisimulia kwamba Thales alipoigundua alichinja ng'ombe dume wa shukrani, wengine wakasema ni Pythagoras. Katika miaka yangu yote sijawahi kuletewa hata soda.

Nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Jioni huwa nasomesha watoto wa mtaa barazani kwangu, bure kwa wasio nacho. Mwezi huu binti mmoja wa kidato cha nne, mwenye bidii kuliko wote, aliniletea mtihani wa majaribio aliosahihishiwa. Swali lilikuwa hivi: kitovu ni O, pembe AOB ni nyuzi 140, tafuta pembe APB. Ameandika 70. Amekosa. Alikuwa amekasirika hadi machozi. "Bibi, sheria si inasema nusu? Nusu ya 140 si 70?"

Nikautazama mchoro. Safari hii P haikuwa juu. Mtunzi alikuwa ameiweka kwenye tao dogo, chini kabisa, katikati ya A na B. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, hiyo pembe ya P iangalie kwa macho. Ni kali au ni butu?" Akaangalia. Ilikuwa imepanuka kama mkasi uliofunguliwa. Hakuna mtoto ambaye angeiona ile na kuiita 70, isipokuwa yule aliyefundishwa kwamba mchoro wa mtihani hautazamwi.

Jibu ni 110. P akiwa kwenye tao dogo, analitazama tao kubwa la upande wa pili, na pembe ya kitovuni inayolitazama tao hilo kubwa si 140 bali ile iliyobaki ukitoa 140 kwenye 360, yaani 220. Nusu yake ni 110. Sheria haikumsaliti. Alichukua pembe ya kitovuni inayotazama tao hili, akaigawa mbili kwa ajili ya pembe ya ukingoni inayotazama tao lile. Nikamtuliza kwamba hata Euclid mwenyewe hakuhesabu kitu kinachozidi pembe mraba mbili kuwa ni pembe, kwa hiyo ile 220 hangeiandika naye. Hilo halikumfariji sana.

Ila lilinikera mimi. Nilikwenda kabatini nikachomoa madaftari yangu ya zamani ya maandalio. Kila mchoro niliouchora kwa mkono wangu, mwaka baada ya mwaka, P iko juu. A kushoto, B kulia, P juu kama kofia. Niliwafundisha watoto umbo, nikidhani nawafundisha sababu.

Jumamosi mimi na watoto wa barazani tukaenda kwenye uwanja wa mpira ulio karibu na kwetu. Wavulana walikuja kwa sababu walisikia neno mpira. Goli rasmi lina upana wa mita 7.32, na penalti hupigwa mita 11 kutoka mstari wa goli. Anayesimama pale penye penalti, milingoti miwili inamfungulia pembe ya karibu nyuzi 37. Tulikuwa tumepiga hesabu barazani usiku uliopita: duara linalopita kwenye milingoti yote miwili na kwenye alama ya penalti lina kitovu mita 4.89 mbele ya goli na nusu kipenyo cha mita 6.11. Tukachomeka kijiti kwenye kitovu, tukafunga kamba, tukalichora duara lote kwa majivu, hadi nyuma ya nyavu.

Kisha nikamsimamisha mmoja kwenye penalti na mwingine ubavuni mwa duara, ndani ya kile kiboksi kidogo cha kipa, kama mita mbili na nusu nje ya mlingoti na pungufu kidogo ya mita tano kutoka mstari wa goli. Nikawauliza nani anaona goli pana zaidi. Ubishi ukawa wa kisiasa. Tukapima: nyuzi 37 huku, nyuzi 37 kule. Mshambuliaji anayekosa kutokea pale jukwaa zima humwambia amebaki na goli tupu na kakosa, kumbe goli limemfungukia sawasawa na mpiga penalti. Yuko karibu zaidi, hilo kweli, na mimi simtetei mtu.

Halafu nikamwita yule binti wa 70, nikampeleka nyuma ya goli, mita 1.22 nyuma ya mstari, pale duara la majivu lilipokuwa linapita. Nikamwambia anyooshe mikono, mmoja kwenye mlingoti huu na mwingine kwenye ule. Mikono yake ikafunguka karibu kama ya kipa anayesubiri penalti. Tukapima, nyuzi 143. Akanyamaza kidogo, midomo ikicheza. Kumi... mia themanini. "Bibi, 37 na 143 ni 180." Ndiyo sheria ya nne hiyo, ya pembenne: milingoti miwili, mpiga penalti, na yeye mwenyewe nyuma ya nyavu. Hakuna aliyemwambia namba yake.

Yote haya tuliyasema kwa Kiswahili. Darasani, Jumatatu, binti atayasoma kwa Kiingereza, na kitabu kina kitenzi kimoja kwa ajili ya pembe na tao, "subtend", ambacho sijawahi kukisikia popote nje ya somo la duara, si redioni, si kanisani, si kwa Mwingereza yeyote niliyewahi kukutana naye. Nusu ya darasa hukwama pale kabla ya kuiona hata pembe yenyewe. Mimi nasema pembe "inalitazama" tao, na sijaona mtoto aliyeuliza maana yake. Ugomvi wa lugha ya kufundishia siumalizi leo. Lakini mwalimu anayeruhusu dakika 10 za maelezo kwa lugha ambayo mtoto anaitumia kufikiri hajavunja nchi.

Kwa miaka mingi walio wengi kati ya watahiniwa wa kidato cha nne wamekuwa wakifeli hisabati, na kila matokeo yakitoka tunasikia yaleyale: walimu wachache, vitabu vichache, watoto hawapendi somo. Yapo ya kweli humo. Ila naongeza langu, na naanza kwa kujilaumu mwenyewe: tumewafundisha kutambua picha. Mtihani nao umetusaidia kuharibu, kwa sababu swali la duara karibu kila mara linataka namba, na namba haionyeshi kama mtoto ameona au amebahatisha. Aliyeandika 110 kwa kutoa 70 kwenye 180 akikumbuka wimbo, na aliyeandika 110 kwa kulitazama tao kubwa, wote wanapata alama zilezile. Wa kwanza ni fundi wangu kabla skwea haijaanguka.

Basi ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo: kwenye mada hii futeni ile orodha, choreni P mahali tofauti kila siku, na msiende hatua ya pili kabla darasa zima halijauchora mstari wa kutoka P kupita O. Kwa watunga mitihani nina ombi dogo zaidi. Mwaka huu iwekeni P kwenye tao dogo, na chini ya swali andikeni: eleza kwa nini. Alama mbili kwa jibu, tatu kwa maelezo.